Kuhasi Mbwa na Paka: Hesabu Inayoanzia Nyumbani

Mazungumzo haya yalitolewa kwa niaba ya idara ya mifugo ya kaunti katika baraza la wakazi. Yamechapishwa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.



Kila mkazi anayewahi sokoni alfajiri anaijua ile katoni. Huachwa kando ya lango la soko, au chini ya mti ulio karibu na buchari, imefungwa kwa kamba ya katani. Ndani yake mna watoto wa mbwa watano au sita ambao macho yao yamefunguka juzi tu. Aliyeiacha hakuonekana. Pengine si mtu katili hata kidogo. Ni mtu aliyekaa na watoto hao majuma matatu, akaona mama yao amekonda hadi mbavu zikahesabika, akaona unga wa ugali unaisha kabla ya mwisho wa mwezi, akajiambia kwamba sokoni hapakosi mwenye huruma. Kufikia saa nne asubuhi wawili wamechukuliwa na watoto wanaopita, mmoja amegongwa na bodaboda, na waliobaki wanalia. Baada ya siku tatu hakuna anayeuliza walikwenda wapi.

Mazungumzo ya leo yanahusu namna ya kufanya katoni hiyo isijazwe tena. Dawa yake ipo na inaitwa kuhasi. Kwa mbwa dume na paka dume, kuhasi ni kuondoa korodani. Kwa jike, daktari hufungua tumbo kwa mkato mdogo na kuondoa vifuko vya mayai, na mara nyingi mfuko wa uzazi pia. Wengi huita kazi hiyo kufunga kizazi. Hapa neno kuhasi litatumika kwa wote, dume na jike.

Jambo lenyewe si geni kwa mfugaji. Hakuna mzee hapa asiyejua maksai. Fahali anahasiwa ili atulie, avute plau na mkokoteni, asimpande kila mtamba anayepita. Beberu anahasiwa ili anenepe na nyama yake isiwe na harufu. Mfugaji huyo huyo anayepanga uzazi wa ng'ombe, anayemwita mtaalamu wa kupandikiza mbegu siku ambayo ng'ombe ameingia joto, humwacha mbwa wake azae anavyojua mwenyewe. Mbwa amesahauliwa kwa sababu haingizi pesa. Hadi siku anapomuuma mtoto.

Kuna hesabu moja ambayo kila mwenye mbwa anafaa kuijua. Watafiti walifanya kazi katika iliyokuwa Wilaya ya Machakos, na matokeo yao yakachapishwa mwaka wa 2001. Walipita nyumba hadi nyumba wakiuliza mambo ya kawaida: mbwa ni wangapi, wana umri gani, wamezaa mara ngapi, wamekufa wangapi. Waligundua kwamba karibu boma 63 kati ya kila 100 zilikuwa na mbwa, na kwamba idadi ya mbwa ilikuwa ikiongezeka kwa takriban asilimia 9 kila mwaka. Mtu akisikia hivyo atafikiri mbwa wale walikuwa wakiishi vizuri na kuzeeka. La. Dume aliyezaliwa alitarajiwa kuishi miaka 3.5, na jike miaka 2.4. Nusu ya majike walikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Idadi ilipanda kwa sababu moja tu, nayo ni kuzaliana kwa wingi. Walikuwa wakizaliwa upesi kuliko kifo kilivyoweza kuwamaliza.

Kwa hiyo mtu anaposema kwamba kumhasi mbwa ni kuwanyima uhai watoto ambao wangezaliwa, ajue uhai wenyewe ulivyo. Nusu yao hawamalizi mwaka. Wanakufa kwa njaa, kwa minyoo, kwa homa za mbwa, kwa magurudumu barabarani, na wengine ndani ya gunia lililotupwa mtoni. Wanaosalia ndio mnaowaona kwenye jaa la taka na nyuma ya vichinjio.

Mbwa jike wa kienyeji huingia joto kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa kati ya miezi sita na mwaka mmoja. Baada ya hapo huingia joto takriban mara mbili kwa mwaka. Mimba yake huchukua siku 63 hivi, miezi miwili na siku chache. Mwenye jike aliyezaliwa wakati wa mvua za masika mwaka huu anaweza kuwa na watoto wa mbwa nyumbani kabla ya masika yajayo kwisha. Naye siku anapoingia joto huwaita madume wa vijiji vitatu. Hao ndio wale mbwa wanane au kumi wanaoonekana asubuhi wakimfuata mmoja, wakipigana, wakifoka, na kuwatawanya watoto waendao shule. Ajabu ni kwamba wengi wao wana mwenyewe. Kila mmoja ana jina na ana boma anamolala. Mkazi akiwaita mbwa wa kuzurura, karibu kila mara anawazungumzia mbwa wa majirani zake, na pengine wake pia.

Hapo ndipo kichaa cha mbwa kinapoingia.

Kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka wa 1912, kwa mbwa mmoja viungani mwa Nairobi. Zaidi ya miaka mia moja imepita na bado kinaua. Inakadiriwa kwamba duniani hufa watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na makadirio ya serikali ya Kenya yamefika vifo 2,000 kwa mwaka nchini. Kati ya kila watu 100 wanaoambukizwa, 99 huambukizwa na mbwa. Kati ya kila watu kumi wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa kuwa na ugonjwa huo, wanne ni watoto walio chini ya umri wa miaka 15. Mtoto humkaribia mbwa bila kuhofu, na ni mfupi, hivyo jeraha hutokea karibu na uso na kichwa, mahali ambapo virusi havina safari ndefu kufika kwenye ubongo. Dalili zikishaanza, mgonjwa anaogopa maji, anashindwa kumeza, anahangaika, na karibu hakuna anayepona. Familia humtazama mtoto wake akifa huku akili yake bado inawatambua. Wauguzi waliowahi kumhudumia mgonjwa wa namna hiyo hawapendi kusimulia.

Kabla ya kuendelea, jambo moja linalopaswa kubaki na kila mtu. Yeyote aliyeumwa au kukwaruzwa na mbwa au paka aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo, hata kama mbwa ni wa nyumbani. Asipake majivu, wala mafuta ya taa, wala pilipili. Na akianzishiwa sindano, arudi kwa kila tarehe aliyoandikiwa.

Sasa, kinga ya kichaa cha mbwa ni chanjo ya mbwa. Kuhasi hakuzuii kichaa cha mbwa, na mtu asitoke hapa akisema ameambiwa hivyo. Mbwa aliyehasiwa bila kuchanjwa anaweza kuugua kama mwingine yeyote. Lakini chanjo bila kuhasi ni sawa na kuteka maji kwa ndoo iliyotoboka, na sababu yake ni ile hesabu ya Machakos.

Wataalamu wanasema ili ugonjwa ukose njia ya kupita, mbwa 70 kati ya kila 100 wawe wamechanjwa. Chukua kijiji cha mfano chenye mbwa 100. Kampeni inafika, watu wanajitokeza, mbwa 80 wanachanjwa. Ni kazi nzuri kabisa. Mwaka unapita. Mbwa 30 wamekufa, na kwa kuwa kifo hakibagui, 24 kati yao walikuwa wamechanjwa. Wamebaki waliochanjwa 56. Wakati huo huo wamezaliwa na kusalia mbwa wapya 39, wote bila chanjo. Sasa kijiji kina mbwa 109, na waliochanjwa ni 56, yaani karibu nusu. Hakuna mtu aliyefanya kosa. Chanjo haikuharibika. Kinga ya kijiji imeshushwa na watoto wa mbwa tu. Lakini kama nusu ya majike wa kijiji hicho wangekuwa wamehasiwa, wale wapya wangekuwa wachache, na waliochanjwa wangeishi zaidi kwa kuwa kuna mbwa wachache wa kugawana chakula na wenyewe wana uwezo wa kuwatunza. Ule utafiti wa Machakos ulikuta kwamba ni asilimia 29 tu ya mbwa wenye umri wa miezi mitatu kwenda juu waliothibitishwa kuwa wamechanjwa. Ukianza chini hivyo, halafu kila mwaka unaongezewa watoto, hufiki 70.

Kenya ilizindua mwaka wa 2014 mkakati wa kumaliza vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka wa 2030. Miaka iliyobaki si mingi.

Wapo watakaouliza kwa nini kuhangaika na visu na nyuzi. Zamani, mbwa wakizidi, ilitoka amri wakapewa sumu ndani ya nyama au wakapigwa risasi, na mambo yakaisha. Wazee wanakumbuka. Lakini na wakumbuke pia kilichofuata: baada ya mwaka mmoja au miwili mbwa walikuwa wengi kama awali. Jaa la taka lilikuwa palepale, mabaki ya kichinjio yalikuwa palepale, na chakula kikiwapo mbwa wa kukila hatakosekana. Waliosalia walizaa, na wengine wakahamia kutoka kata jirani. Mbaya zaidi, aliyekufa kwanza kwa sumu alikuwa mbwa mpole wa nyumbani, yule aliyechanjwa, kwa kuwa ndiye anayekubali kitu kutoka mkononi mwa mtu. Yule mkali wa porini alikimbia. Tusiseme lolote kuhusu kuku, tai, na mbwa wa mchungaji waliookota nyama hiyo hiyo.

Mji wa Jaipur nchini India ulichukua njia nyingine. Kuanzia mwaka wa 1994, mbwa wa mitaani walikamatwa, wakahasiwa, wakachanjwa, kisha wakarudishwa kwenye mtaa uleule walikotolewa. Watu wengi waliona ni upuuzi kumrudisha mbwa. Ila mbwa yule alikuwa sasa analinda eneo lake dhidi ya mbwa wageni, hazai, na haambukizwi. Kufikia mwaka wa 2002 idadi ya mbwa katika eneo la mradi ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya robo, na vifo vya binadamu kwa kichaa cha mbwa ndani ya eneo hilo vilikuwa vimekoma, ilhali katika sehemu za mji zilizokuwa nje ya mradi vilizidi kutokea. Mji ni uleule, jua ni lilelile, na mbwa ni wa aina moja.

Faida kwa wanyama wengine haihitaji maelezo marefu. Mfugaji aliyepoteza mbuzi saba usiku mmoja kwa kundi la mbwa anajua. Walio karibu na mbuga nao wajue kwamba mwaka wa 1994 homa ya mbwa iitwayo distempa iliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, ikavuka hadi Maasai Mara, na chimbuko lake lilihusishwa na mbwa wa vijijini.

Turudi kwa mbwa mwenyewe. Jike aliyehasiwa kabla ya joto lake la kwanza karibu hapati kabisa uvimbe wa matiti, ambao kwa majike wengi wa umri mkubwa hugeuka kuwa saratani. Kila joto analopitia kabla ya kuhasiwa hupunguza faida hiyo. Upo pia ugonjwa wa usaha ndani ya kizazi. Huwajia majike wasiohasiwa, hasa waliokomaa, majuma machache baada ya joto. Mbwa huanza kunywa maji kupita kiasi, anakataa chakula, tumbo linajaa, na wakati mwingine usaha wenye harufu unatoka nyuma. Mwenyewe hufikiri amekula sumu. Asipofikishwa kwa daktari haraka hufa, na daktari akifika kazi atakayofanya ni ileile ya kuondoa kizazi, isipokuwa sasa anaifanya kwa mnyama mahututi na kwa gharama kubwa zaidi. Jike aliyehasiwa hana kizazi cha kujaa usaha.

Dume aliyehasiwa hapati saratani ya korodani, na tezi dume yake haivimbi uzeeni kama ya wenzake. Dume na jike pia huepuka ule uvimbe mwekundu wa sehemu za siri unaofanana na koliflawa na kuvuja damu. Ugonjwa huo huambukizwa mbwa wanapopandana, na umeenea sana kwa mbwa wanaozurura. Wengi wa waliopo hapa wamewahi kuuona wakafikiri mbwa amejeruhiwa.

Swali linaloulizwa zaidi na wanaume ni kama mbwa aliyehasiwa bado atalinda boma. Jibu ni ndiyo. Mbwa hubweka mgeni anapofika kwa sababu anajua hapa ni kwao, na hilo haliko kwenye korodani. Kinachopungua ni kuzurura, kupanda-panda, na kukojolea kila nguzo ya ua. Dume asiyehasiwa husikia harufu ya jike aliye mbali na kuondoka usiku kucha; mwizi akija humkuta mwenye boma peke yake. Hata hivyo isisemwe kwamba kuhasi ni dawa ya kila ukali. Mbwa anayeuma kwa hofu kwa sababu alipigwa mawe tangu utotoni ataendelea kuuma, ahasiwe asihasiwe. Huyo anahitaji kufungiwa na kufundishwa, na watoto wa boma wanahitaji kukanywa. Ila kuna kuumwa kunakokwisha moja kwa moja: mama mwenye watoto wachanga humrukia yeyote anayekaribia, hata aliyemlea. Asipozaa, hana cha kulinda hivyo.

Swali la akina mama mara nyingi ni kama jike asiachwe azae japo mara moja kwanza, ili asipate madhara. Hakuna manufaa yoyote ya kiafya katika kumsubiri azae. Imani hiyo imetokana na kumfikiria mbwa kama binadamu. Na je, atanenepa? Anaweza, kwa kuwa mwili wake sasa unahitaji chakula kidogo kuliko awali. Apunguziwe kipande cha ugali, basi.

Paka anahitaji maneno yake. Watu humwona paka ni mnyama wa heri, anaingia msikitini na jikoni, anakula panya ghalani, na hakuna anayemtupia jiwe. Huruma hiyo ndiyo inayomponza. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, akiwa bado mwenyewe anaonekana mtoto, na anaweza kushika nyingine wakati bado ananyonyesha. Anayelisha paka watatu nyuma ya hoteli bila kuwahasi atakuwa analisha kumi na watano. Kelele zile za usiku juu ya mabati, zinazofanana na kilio cha mtoto mchanga, ni za madume wakimgombea jike, na katika kuumana huko wanaambukizana virusi vinavyoua kinga ya mwili wa paka. Paka aliyehasiwa bado anakamata panya. Tena ana muda zaidi wa kazi hiyo. Mahali paka wa mitaani wanapohasiwa, daktari hukata ncha ndogo ya sikio moja paka akiwa usingizini, ili mtu akimwona kwa mbali ajue huyu amekwisha kufanyiwa na asikamatwe tena. Mkazi akimwona paka wa namna hiyo asifikiri ni mtoto mtundu aliyemkata.

Kuna jambo linalofanyika vijijini ambalo lazima litajwe wazi. Mbwa dume anafungwa mdomo, anashikwa na vijana wanne, na mzee mmoja anamhasi kwa wembe bila dawa ya usingizi. Jeraha linapakwa majivu. Wengine hupona, na hao ndio wanaotolewa mfano. Wengine huvuja damu hadi kufa, au jeraha linaingia funza, na wote hupata maumivu ambayo hawakustahili. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, haikuandikwa kwa ajili ya punda peke yake. Wapo pia wanaouliza kama jike anaweza kudungwa ile sindano ya kupanga uzazi ya binadamu. Asidungwe. Dawa za aina hiyo kwa mbwa na paka huongeza hatari ya usaha kizazini na uvimbe wa matiti, yaani huleta yaleyale ambayo kuhasi kunazuia.

Kazi hii ni ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa kwa mujibu wa sheria ya mwaka wa 2011 inayosimamia taaluma hiyo, na mwenye mnyama ana haki ya kuomba kuona kitambulisho cha usajili. Mtu anayeuza dawa za mifugo dukani huenda ni mwaminifu na mjuzi wa dawa zake, lakini duka si chumba cha upasuaji.

Umri unaofaa kwa mbwa wengi wa kienyeji ni karibu miezi sita, na kwa paka, kabla ya miezi mitano. Mbwa wa aina kubwa, kama vile German Shepherd, huenda daktari akashauri wangojewe hadi mifupa ikomae, mwenyewe aulize. Jike akiwa kwenye joto, ni bora kusubiri liishe, na huko kusubiri ni kumfungia ndani, si kumwachia mlango wazi. Mnyama mzima asile kuanzia usiku wa kuamkia siku ya upasuaji, kwa sababu anaweza kutapika akiwa usingizini na matapishi yakaingia mapafuni. Wenye huruma nyingi humwibia kipande cha mkate asubuhi ile. Wasifanye hivyo. Mnyama mchanga sana hashindishwi njaa muda mrefu, na daktari ataeleza ni saa ngapi.

Hatari haikosekani. Dawa ya usingizi ina hatari yake kwa mnyama kama ilivyo kwa mtu, na mbwa aliyedhoofika kwa kupe na minyoo ana hatari zaidi. Ndiyo maana daktari mzuri humpima kwanza, na akikataa kumpasua siku hiyo, asionekane mvivu.

Baada ya upasuaji mnyama arudi nyumbani mahali pakavu, safi, pasipo nzi. Atayumba siku ya kwanza, asilazimishwe kula. Asioge wala kukimbia hadi jeraha lifunge, na nyuzi kwa kawaida hutolewa kati ya siku ya kumi na ya kumi na nne. Azuiwe kulamba jeraha. Wengine hukata shingo ya ndoo kuukuu ya plastiki na kumvisha kama kola, na inafaa kabisa. Uvimbe unaoongezeka, harufu, au damu inayotiririka ni sababu ya kurudi kwa daktari siku hiyo. Na kuna kitu ambacho wengi hawaambiwi: dume aliyehasiwa leo bado anaweza kumpa jike mimba kwa majuma kadhaa, kwa kuwa mbegu zilizokwisha kutengenezwa hazijaisha mwilini. Atengwe kwa mwezi mzima.

Suala la gharama ni la kweli na halifunikwi kwa maneno matamu. Upasuaji wa jike ni ghali kuliko wa dume kwa kuwa ni kazi kubwa zaidi. Familia isiyoweza kuwahasi wote ianze na jike. Dume mmoja anaweza kuwapanda majike kumi, kwa hivyo ukihasi madume tisa na kumwacha wa kumi, bado watoto watazaliwa wote. Lakini kila jike aliyehasiwa ni mizao miwili kwa mwaka iliyoondolewa kwenye hesabu. Majirani wakijiunga, daktari anaweza kufika mara moja akafanya wanyama kadhaa na gharama ya safari ikagawanywa. Vikundi vya akina mama ambavyo tayari vina chama cha kuchangiana vinajua jinsi ya kufanya hivyo kuliko ofisi yoyote.

Katiba ya mwaka wa 2010, katika Jedwali la Nne, iliipa serikali ya kaunti jukumu la udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na kutoa leseni za mbwa. Jukumu hilo haliwezi kutimizwa na afisa wa mifugo anayehudumia wadi nzima kwa pikipiki moja ikiwa wenye mbwa hawajui wana mbwa wangapi. Kwa hivyo ombi la kwanza kwa kila boma ni dogo: wahesabiwe. Wangapi dume, wangapi jike, nani amechanjwa na lini. Orodha hiyo ifikishwe kwa afisa wa mifugo wa wadi au kwa mzee wa mtaa, ili idara ijue ni kijiji gani chenye majike wengi na kazi ianzie wapi.

Siku ya kuja kwa daktari, mbwa aletwe akiwa amefungwa kamba shingoni na ashikwe na mtu mzima, si mtoto. Paka aje ndani ya kikapu chenye mfuniko, au katoni iliyotobolewa matundu ya hewa na kufungwa vizuri. Kadi ya chanjo iletwe kama ipo. Kama haipo, mnyama achanjwe siku hiyo hiyo apewe kadi, na mwenyewe aandike juu yake kwa kalamu ya wino tarehe ya mwaka ujao.